Trela Lililokandikwa Udongo

Mpendwa Baba,

Lakini habari ya gurudumu la kushoto sikuimaliza. Siku ile nilipokuja Akheri nikaketi juu ya jiwe karibu nawe, pale kati ya migomba, nilikuwa nimefika mahali mkaguzi wa magari anapopiga goti. Mvua ikatukatiza, Mama akaniita nikimbie ndani. Basi nimalizie kwa kalamu, maana nikiendelea kulibeba jambo hili peke yangu nitapasuka.

Alipiga goti, akashika tairi juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza. Hata mimi, niliyekuwa nimesimama kando na kitambaa changu kipya cha kichwani, niliusikia mlio wake, kwa, kwa, kama jino linalotaka kutoka. Mkaguzi akainuka taratibu, akapangusa miwani yake, akamwambia mume wangu mbele ya madereva wote, "Bwana Shamba, trela hii, gari ya serikali haiwezi kuivuta. Gurudumu likitoka kwenye mteremko wa Usa River, utaua watu." Akaandika katika karatasi yake na kwenda kwenye lori lililofuata.

Mume wangu. Nimeandika maneno hayo mawili nikayatazama kwanza kabla sijaendelea. Miezi mitatu sasa, na bado nikiyasema najisikia kama mtu aliyevaa viatu vipya siku ya kawaida. Hukumwona, Baba, na hilo ni la kwanza katika mambo yanayoniudhi. Ungempenda. Ni mrefu, anacheka kwa mabega, na akisoma barua hujisomea kwa sauti ndogo hata kama barua yenyewe ni ya ofisi. Ana kovu dogo kwenye nyusi ambalo nimekwisha kulibusu mara nyingi kuliko inavyofaa kumwandikia mzazi.

Kazi yake ni bwana shamba wa kahawa. Anauzunguka mlima wote, wiki tatu huku, wiki tatu kule, akiwafundisha wakulima kupogoa na kupiga dawa. Ofisi inampa hema na kitanda cha turubai. Kitanda kimoja. Mkubwa wake, Mwingereza mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alimwambia kabla hatujaoana kwamba akiwa na trela lake mwenyewe, na likipita ukaguzi, gari la ofisi litalivuta na mke aende naye. Lisipopita, aende na hema lake, mimi nibaki hapa Lemara kwa mama yake, tuonane siku mbili tatu kila mwezi. Ndiyo maana Mama na kaka zangu walitupa trela lako liwe zawadi ya arusi. Walijua wanachotupa. Hawakutupa chombo, Baba, walitupa kuishi pamoja.

Na sisi tukaliharibu kwa miezi mitatu.

Ngoja nikukumbushe trela lenyewe lilikuwaje mikononi mwako, kwa sababu nikikumbuka ndipo hasira yangu inaelewa inatoka wapi. Mama Daktari alikwenda nalo kila upande wa mlima, Ngarenanyuki, Oldonyo Sambu, hata kwenye njia za mawe ambako ng'ombe wenyewe hupita kwa mashaka. Miaka tisa alilala ndani yake, akatibu watu mlangoni pake, nawe ukiwa dereva wake na fundi wake. Alipokwenda kwao Ulaya moja kwa moja alikuachia wewe, akasema hakuna mtu mwingine anayelijua. Sikuelewa wakati ule. Nilidhani trela ni sanduku lenye magurudumu. Kumbe miaka tisa ile haikuwa ya trela, ilikuwa ya mikono yako.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifungia ndani? Kila mwaka mvua kubwa zilipokwisha, kabla Mama Daktari hajaanza safari, ulinipa kipande cha chaki ukaniingiza humo, ukafunga mlango na madirisha, kisha ukapanda ngazi na ndoo. Nilikaa kwenye giza lile lenye harufu ya dawa ya vidonda na mbao, nikisikia maji yakimwagika juu ya kichwa changu, na kazi yangu ilikuwa kutafuta tone. Nikiona unyevu kwenye dari natia alama ya chaki. Ndoo ya kwanza mbele, ya pili katikati, ya tatu juu ya dirisha la nyuma. Nikitoka ulikuwa huniulizi kama kuna tone. Uliuliza, "Wapi?" Kama kwamba lazima lipo, na kazi yetu ni kuwa wanyenyekevu kiasi cha kuliona.

Mwaka mmoja nilitoka nikasema hakuna. Nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda kula ndizi zilizokuwa jikoni. Hukunigombeza. Ulirudi juu na ndoo nyingine, ukaniambia niingie tena, na nikaliona tone limening'inia kwenye kona ya kabati, dogo kama jicho la kuku. Nilitia chaki huku nalia. Ulipaka lami mahali pale siku hiyo hiyo, ukanishikisha kopo, na mimi sikula mpaka ilipokauka.

Kisha sakafu. Ulitembea kwa visigino, hatua moja moja, ukisikiliza. Kisha makabati, ukaingiza pua kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamelala. Kisha kuta, kwa kiganja chote. Magurudumu uliyaacha mwisho. Uliinua trela kwa jeki, ukatia magogo chini ya ekseli, ukazungusha kila gurudumu, ukalaza sikio karibu nalo. "Gurudumu zima halisemi kitu," uliniambia. Lile lililokuwa linasema ulilifungua, ukatoa beringi, ukaziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa, ukazijaza grisi mpya kwa kiganja. Ukarudisha nati huku unazungusha gurudumu. Na maneno yako mengine nayasikia mpaka leo: "Kaza mpaka ligome. Halafu lirudishie pumzi." Ukailegeza nati kidogo tu.

Haya yote uliyachora kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la nguo. Pua, kiganja, kisigino, sikio. Hukuandika maneno. Kila mwaka ulitia mstari mmoja chini ya kila picha. Mistari tisa ya Mama Daktari, miwili baada yake. Kisha ukaugua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Trela lilifika Lemara siku mbili kabla ya arusi, likivutwa na trekta ya jirani. Mvua zilikuwa zimeanza. Mama mkwe wangu, ambaye sote humwita Yeyo, yaani mama, kama mume wangu anavyomwita, alilizunguka mara tatu. Yeye ni Mwarusha wa zamani hasa. Alimjengea kila mke wa mtoto wake nyumba kwa mikono yake mwenyewe, akaikandika, na hakuna aliyeingia kwake akalala kwenye nyumba yenye ufa. Na sasa mtoto wake wa mwisho analeta bibi arusi kwenye nyumba inayosimama juu ya miguu miwili ya mpira, chini yake upepo unapita na kuku wanakimbizana.

Siku tatu baada ya arusi niliamka nikawakuta, yeye na mawifi zangu wawili na majirani, wanacheka na kuimba, mikono yao imejaa udongo na samadi mbichi. Walikuwa wanalikandika trela. Walijaza mawe na udongo chini yake, wakazika magurudumu mpaka juu ya vitovu, wakapaka kuzunguka pande zote vizuri kabisa, laini kama ukuta wa nyumba. Yeyo akaniita nije nishike na mimi. "Sasa nyumba yako imekaa chini," akaniambia. "Haitakukimbia."

Nilijua, Baba. Hilo ndilo linalonitafuna. Mawifi zangu hawakujua, mume wangu Eliakimu hakujua, lakini mimi niliyekulia chini ya trela hilo nilijua kwamba unyevu ukifungiwa chini ya sakafu hauna pa kwenda ila juu, na kwamba samadi inakula chuma. Nimesoma sekondari, nimefundishwa chuma kikikutana na maji na hewa kunatokea nini, naweza kukuandikia. Lakini nilikuwa bibi arusi wa siku tatu. Nilimtazama yule mama aliyeinama kwa ajili yangu, jasho linamtoka, nikasema asante. Nikaingiza mikono nikakandika. Nilikandika gurudumu la kushoto mimi mwenyewe, na nilikandika vizuri, nikasifiwa.

Tulifurahi humo ndani. Siwezi kusema uongo. Asubuhi za mvua Eliakimu alikoroga uji kwenye jiko dogo la Mama Daktari, tukanywa kikombe kimoja tukiwa tumejifunika blanketi, tukipanga tutakaposimamisha trela letu. Kule ambako mlima unaonekana wote dirishani. Kule karibu na mto. Kila mahali alipotaja niliona meza yetu ndogo na mapazia yetu yenye maua. Nilikuwa na furaha nyingi mno, na chini ya furaha yangu, kwa kweli kabisa, sakafu ilikuwa inaoza.

Nilipomwambia alicheka kwa mabega yake yale. Si kwa ubaya. Alisema, "Mke wangu ni fundi wa trela, nami sikutozwa mahari zaidi." Akanibusu. Nikamwambia magurudumu yafunguliwe, siku zinakwisha. Akasema udongo utaondolewa wiki ya ukaguzi, kwa nini kumuumiza Yeyo kabla ya wakati? Na mimi, kwa kuwa alikuwa ameshika mkono wangu akinizungushia pete kidoleni, nikanyamaza. Nampenda mno, nami nakasirika kwamba kumpenda kunanifanya mjinga.

Wiki ya ukaguzi tuliondoa udongo. Nilikwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya, na niliporudi nikamkuta amepaka trela lote rangi ya buluu. Nje na ndani. Alitaka kunishangaza. Alisimama na brashi, rangi imemwingia mpaka masikioni, anangoja nifurahi kama mtoto anayengoja kusifiwa. Nikafurahi. Kisha nikafungua kabati la nguo.

Alikuwa amepaka hata ndani ya mlango, Baba. Pua, kiganja, kisigino, sikio. Mistari yote kumi na moja. Buluu tupu, inang'aa.

Sikumwambia. Mpaka leo hajui. Alikuwa amechoka, amefurahi, na amepaka kwa uangalifu mkubwa, hata bawaba alizizunguka. Nilitoka nje nikajifanya nakusanya makopo. Na magurudumu hakuyafungua. Aliyapaka rangi.

Ndiyo maana lilipocheza pale uwanjani kwa mkaguzi sikushangaa. Nilichoka tu. Kesho yake Eliakimu alikwenda Ngarenanyuki na hema na kitanda kimoja. Alinipungia mkono mpaka gari likapotea kwenye vumbi, na mimi nilipunga nikiwa na hamu ya kumrukia shingoni na hamu ya kumtupia jiwe, zote kwa mkono mmoja.

Siku mbili nilishinda nimekasirika na kila mtu. Na wewe pia. Kwa nini ulinifundisha kazi ambayo hakuna atakayeniruhusu kuifanya? Kwenye karakana mjini nilikwenda kuuliza habari ya beringi, yule kijana wa kaunta akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko safarini. Akasema basi nirudi akija. Nikamtajia beringi ninayoitaka, ya nje na ya ndani, na jinsi zinavyokaa. Akaniambia, "Dada, mwambie shemeji aje, tutaelewana." Nilirudi Lemara kwa miguu nikiwa na machozi ya hasira, nayo ni machozi mabaya kuliko yote kwa sababu watu hukuuliza umefiwa na nani.

Siku ya tatu nilivaa koti lako la kazi. Nilichukua jeki, nikalala chini, nikainua upande wa kushoto kama ulivyonifundisha, magogo chini ya ekseli, mawe mbele na nyuma ya gurudumu la pili. Nilikuwa napigapiga kifuniko cha kitovu kwa nyundo ndogo nilipoona miguu ya Yeyo imesimama karibu na kichwa changu.

Akaniuliza natafuta nini huko chini. Nikasema nafungua gurudumu. Akauliza kama mume wangu ameniagiza. Nikasema hapana. Kifuniko kikatoka, na maji yenye kutu yakamwagika kwenye mkono wangu, mekundu kama chai, yakinuka zizi. Tukayatazama wote wawili. Yeyo si mjinga, Baba. Aliinama, akachovya kidole, akanusa.

"Ni udongo wangu?" akauliza.

Hapo ningeweza kusema hapana. Nilikwisha kusema hakuna mara moja maishani, kwa ajili ya ndizi. Nikasema, "Ni udongo wetu, Yeyo. Mimi nilijua. Niliogopa kukuambia."

Sikujua atafanya nini. Alikaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu yake, akatazama mlima uliokuwa umejificha kwenye mawingu kama kawaida yake miezi hii ya baridi. Kisha akanigombeza. Lakini hakunigombeza kwa yale niliyotegemea. Alisema alijenga nyumba za wake wote wa watoto wake, na kila mmoja alimwambia mlango uwe wapi, na kitanda kiwe wapi, na mmoja alimbomolesha ukuta mzima. Mimi tu ndiye niliyesema asante nikanyamaza. "Ulinifanya mgeni," akaniambia. "Mtu hunyamaza mbele ya mgeni."

Niliendelea kufungua nati.

Beringi za kushoto zilikuwa zimekwisha; za kulia, nilipozifungua baadaye, zilihitaji kuoshwa na grisi mpya tu. Zilikuwa na vidonda, na nilipozizungusha kwenye vidole zilisaga kama mchanga. Niliposema sina nyingine na mjini hawataki kuniuzia, nikakumbuka kopo lako la biskuti. Lilikuwa bado mahali pake, chini ya kitanda nyuma ya kibao unachokitoa kwa kisu. Ndani yake beringi mbili, umezizungushia grisi na maganda makavu ya mgomba, ukafunga kwa uzi. Grisi ilikuwa imeganda kama sabuni. Niliziosha kwa mafuta ya taa, na zikang'aa, Baba. Zilizunguka kwenye kidole changu bila kusema kitu. Nililia hapo. Yeyo hakuniuliza nimefiwa na nani.

Alikuwa amekwisha kuingia ndani. Nilimsikia akitembea juu yangu, na nilipokwenda nikamkuta amepiga magoti, anapitisha kiganja chake kwenye sakafu polepole, karibu na mlango. Mimi nilikwishapiga visigino hapo na sikusikia kitu. Alisimamisha mkono. "Hapa panalia," akasema. Nikagusa, sikuhisi. Akaushika mkono wangu akaugeuza, akanigusisha kwa upande wa nyuma wa vidole, na hapo nikahisi, ubaridi mdogo kama pumzi ya kisima. Amekandika nyumba maisha yake yote. Anajua unyevu unavyojificha ukutani kuliko mimi na wewe. Nilichoma kisu, kikaingia kama kwenye ndizi iliyoiva.

Tulikata kipande kile chote, tukaacha milango na madirisha wazi siku nne, tukaweka majiko ya mkaa chini yake mchana kutwa, tukiyalinda kwa zamu. Alileta ubao aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kitanda chake kipya. Nilikataa, akaniambia nisianze tena kumfanya mgeni. Tuliupaka lami pande zote mbili kabla ya kuupigilia. Kisha akanifungia nje, akachukua chaki akaingia yeye, na mimi nikapanda juu na ndoo. Aliporudi nikamuuliza, "Wapi?" Akanionyesha mahali pawili, nusu ameudhika, nusu anajivuna.

Leo asubuhi tulilipeleka mjini. Gari la ofisi liko Ngarenanyuki, na jirani mwenye trekta analima Usa River wiki hii yote. Yeyo akafunga nira maksai wake wawili. Hebu fikiri, Baba, trela la buluu lenye mapazia ya maua linapita barabarani nyuma ya ng'ombe, Yeyo mbele na fimbo yake, mimi nyuma natembea nimeinamia gurudumu la kushoto nikisikiliza. Watu walitoka madukani. Dereva mmoja alituuliza kama sisi ni sarakasi au ni posta. Yeyo akamjibu kwamba sisi ni bibi arusi na mama yake, na kama ana ng'ombe wawili wa mahari aseme, kama hana asituzibie njia.

Mkaguzi alitazama maksai kwanza. Akavua miwani, akavaa tena. Akapiga goti, akashika tairi juu na chini, akatikisa. Halikucheza. Akatikisa la pili. Akaniambia nifungue kifuniko cha kitovu, nikafungua. Alitazama mle ndani kwa muda, ile pini ya miguu miwili inayozuia nati isilegee, mguu mmoja umekunjwa juu ya ncha ya ekseli na mwingine umekatwa na kugongwa ukalala, usikwaruze kifuniko.

"Hii ni trela ya kijani ya yule Daktari," akasema. "Rangi ilinidanganya. Pini iliyokunjwa hivi nimeiona miaka mingi. Dereva yule mzee wa Akheri, yupo?"

Nikasema hayupo tena.

"Nani alifunga?"

"Mimi. Ni binti yake."

Alipitisha kidole chake juu ya ile pini, akarudisha kifuniko yeye mwenyewe, akakigonga kikakaa, akaandika kwenye karatasi. Karatasi hiyo iko mezani mbele yangu. Limepita.

Ungedhani sasa nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Limepita, na mtu ninayetaka kumwambia kabla ya watu wote yuko upande wa pili wa mlima akilala kwenye kitanda kimoja cha turubai, hajui chochote, na hatarudi mpaka Jumamosi. Barua ya kumfikia itachukua siku nyingi kuliko yeye mwenyewe kurudi. Nimebaki nazunguka trela kama kuku anayetafuta pa kutagia. Yeyo ameniambia nikae, nimekaa, ndiyo nakuandikia.

Na habari ya mlango wa kabati nitamwambia Jumamosi. Nimeamua. Nitamwambia kabla sijambusu, au mara tu baada ya kumbusu, lakini nitamwambia, kwa sababu nimejifunza mwezi huu kwamba nikinyamaza kwa upendo kitu kinaoza. Sitakwangua rangi yake. Nitachora upya juu ya buluu yake, pua, kisigino na sikio, nami sitachora kama wewe maana sijui kuchora. Kiganja nitamwomba Yeyo aweke chake kwenye rangi akigandamize hapo. Chini ya kila kimoja nitatia mstari mmoja, wa mwaka huu, na Eliakimu atashika penseli pamoja nami, na miaka ijayo atakuwa anapanda na ndoo atake asitake.

Wiki ijayo tunaanzia upande wako wa mlima. Nimeiona ratiba yake ya ofisi, na Akheri imo kabla mwezi huu haujaisha. Mkubwa wake alikwisha kukubali kwamba trela likipita, njia ipite kwa Mama. Tutasimamisha trela nje ya ua, karibu na migomba yako, nami nitamleta mume wangu akusalimie, shikamoo yake uipokee, ana sauti nzuri. Usisikilize barabarani kama ulivyokuwa ukifanya Mama Daktari alipokuwa anarudi. Nimelirudishia pumzi. Siku utakayokuwa hujasikia kitu chochote kikija, ujue ni sisi tumefika.

Binti yako wa chaki